Konokono Huyu Haokotwi

Bamvua limefika, maji yamekupwa hadi mwambani, na watoto wanaokota makombe. Sawa, ila kwenye matumbawe ya pwani yetu yumo pia Conus geographus, konokono anayewinda samaki kwa sumu.

1. Mjue kwa sura. Gamba lake limekaa kama pia ya kuchezea, lenye mabaka ya hudhurungi juu ya weupe, kama ramani. Hufika sentimita 15 hivi. Ndugu zake ni wengi na wengine wanafanana naye; usijisumbue kuwatofautisha. Ukiona pia, mikono nyuma.

2. Hana upande salama wa kushikwa. Mrija wake hurefuka na kugeukia karibu kila pembe ya gamba, na nchani una jino kama chusa. Glavu huipenya. Mfukoni ndimo usimtie kabisa. Mfuko wa suruali hasa, na sababu sidhani kama nahitaji kuieleza.

3. Usimkwangue kuona rangi. Mwaka 1935, kisiwa cha Hayman, Australia, kijana alimshika kiganjani akamparuza kwa kisu. Alifariki saa chache baadaye.

4. Usimdharau kwa mwendo wake. Usiku humwaga majini insulini inayoshusha sukari ya samaki hadi walegee, kisha hutanua kinywa kama mfuko wa wavu na kuwafunika. Samaki hana hata nafasi ya kukurupuka.

5. Akikuchoma, usingoje maumivu. Yanaweza kuwa madogo mno, na hapo ndipo watu hukosea. Baadaye huja ganzi, kope hulegea, macho huona ukungu, pumzi huwa nzito. Hakuna dawa ya kuizimua sumu hii. Mlazeni aliyechomwa tuli, mfungeni bandeji pana kiungo chote bila kuzuia damu, mkimbizeni hospitali. Msichanje, msinyonye jeraha. Pumzi ikikatika, mpulizieni mdomo kwa mdomo njia nzima bila kukata tamaa: akisaidiwa kupumua mpaka sumu iishe nguvu, anaweza kupona.

6. Gamba “tupu” lichungulie kwanza, kwa macho tu. Mwenyewe hujikunyata ndani kabisa.

7. Ukimwona, mpige picha, umwache. Sumu ya nduguye, Conus magus, ndiyo iliyowapa wanasayansi zikonotaidi, dawa ya maumivu sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hudungwa kwenye uti wa mgongo, na kwa daktari tu.