Risasi ya Uzito Gani kwa Bunduki Isiyo na Darubini?

Swali: Msomaji wa Handeni mwenye leseni ya kuwinda nyati anauliza: kwa bunduki ya .375 H&H isiyo na darubini, achague risasi ya greni 270 au 300?

Jibu: Achukue ya 300, takriban gramu 19.4. Mwendo wake ni mdogo kidogo, lakini huzama ndani zaidi, na nyati hupigwa kwa karibu vichakani.

Kilengeo cha chuma hurekebishwa kwa uzito mmoja, abaki nao. Ajaribu kwanza kwa mita 50, bunduki ikiwa imeegemezwa. Risasi zikipiga chini, fundi apunguze kilengeo cha mbele kwa tupa, kidogo kidogo.

Asivuke mpaka wa Saadani: ni hifadhi ya taifa, na uwindaji humo ni marufuku.