Msumeno wa Mkwezi: Namna ya Kuuchagua na Kuutunza

Embe za msimu zikishachumwa, wakulima wa Pwani hugeukia kazi ya kupogoa. Miembe mingi ya zamani katika mashamba ya Kilifi na Kwale imerefuka kupita mapaa ya nyumba. Matawi yamesongamana, jua haliingii ndani, na matunda huzaa kileleni ambako hayafikiwi kwa urahisi. Mikorosho iliyoachwa bila kupogolewa nayo husongamana vivyo hivyo. Mkulima huita kijana anayejua kukwea, mara nyingi mkwezi wa minazi, humkabidhi panga na kumwonyesha matawi ya kuondoa.

Panga ni kifaa kizuri mtu akiwa chini. Juu ya mti ni jambo jingine. Hukata kwa kurushwa: lazima mkono uinuliwe na mwili uyumbe ndipo liume. Mkwezi aliyeshika tawi kwa mkono mmoja huku akirusha panga kwa mwingine hana cha kumzuia likiteleza. Mti nao huumia, kwa sababu panga huacha kidonda chenye nyufa na maganda yaliyochanika, maji hutuama humo na uozo ukaingia hadi shinani.

Wapo wanaoacha panga na kupanda na msumeno wa seremala, na huo nao haufai. Umetengenezwa kukata mbao kavu iliyolazwa mezani, na hukata unaposukumwa. Tawi bichi lina maji na utomvu. Meno madogo ya msumeno huo hujaa vumbi lililolowa, unakwama, na mkwezi anaongeza nguvu. Bapa, yaani kile chuma chenye meno, likisukumwa huku limekwama hupinda na halinyooki tena vizuri. La kuogopesha zaidi ni kwamba anayesukuma msumeno hujisukuma mwenyewe nyuma, mbali na shina alilolitegemea.

Msumeno wa kupogoa hukata unapovutwa. Nguvu ya kuvuta humleta mkwezi karibu na mti badala ya kumtenga nao. Tena chuma kinachovutwa hujinyoosha chenyewe, kwa hiyo bapa laweza kuwa jembamba na bado lisipinde, na bapa jembamba huhitaji nguvu kidogo. Huu ndio mtindo wa Japani, ambako hata maseremala hukata kwa kuvuta, na misumeno mingi ya kupogoa inayouzwa sasa imeufuata.

Kuuchagua dukani

Kuutambua si kazi. Meno yakiegemea upande wa mpini, msumeno unakata kwa kuvuta. Yakiegemea ncha, unakata kwa kusukuma. Mnunuzi autazame pia kwa urefu, jicho moja limefungwa, aone kama bapa limenyooka. Kisha ashike mpini na kulitikisa bapa kidogo. Likicheza pale lilipofungwa kwenye mpini, aurudishe mwenye duka hata kama bei ni nzuri.

Kwa anayepanda mti, bapa la sentimita 30 hadi 33 linatosha. Kipimo kinachosaidia ni hiki: bapa liwe na urefu angalau mara mbili ya unene wa tawi, ili kila mvuto utoe vumbi nje ya mkato. Hivyo msumeno wa sentimita 30 ni wa matawi yasiyozidi sentimita 15. Tawi nene kuliko hapo lafaa kuachiwa mafundi wenye kamba za kuteremshia matawi. Kulipigania kwa msumeno wa mkono ni kuchosha mkono ule ule ambao mkwezi atauhitaji kushukia.

Meno yawe makubwa, kama 5 hadi 7 kwa kila inchi, yenye nafasi ya kubeba vumbi bichi. Meno madogo zaidi hukata laini lakini polepole, na yanafaa vitawi vya unene wa kidole.

Kuhusu umbo, bapa lililopinda kama mundu mpana huuma lenyewe linapovutwa. Linafaa tawi lililo juu ya kichwa au mbali kidogo na mwili, pale ambapo mkwezi hawezi kukandamiza. Bapa lililonyooka huongozeka vizuri katika nafasi finyu, kama kwenye panda ya matawi mawili. Atakayenunua mmoja tu achukue uliopinda.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hukipuuza ni ala. Msumeno usio na ala ngumu haupaswi kupandishwa mtini hata kidogo. Mkwezi huhitaji mikono yote miwili kila anaposogea, na msumeno usio na pa kuingia huishia kushikwa mdomoni, kuchomekwa kwenye mshipi au kuning'inizwa kwa kamba kiunoni ukibembea meno wazi karibu na mapaja. Ala nzuri hufungwa kwenye mshipi au mguuni, hupokea msumeno kwa mkono mmoja na kuushika usidondoke. Misumeno ya kukunja inapendeza mfukoni, lakini mingi huhitaji mikono miwili kufungwa, kwa hiyo inafaa zaidi aliye chini. Mpini wa rangi kali, nyekundu au njano, husaidia kuuona ulipoangukia kwenye majani.

Matawi ya pembeni kabisa hayahitaji mtu kupanda. Msumeno uliofungwa kwenye mti mrefu huyafikia kutoka chini, na kila tawi lililokatwa hivyo ni safari moja ya hatari iliyoepukwa.

Ukiwa juu

Mkwezi wa minazi amezoea kupanda bila kamba, akitegemea vidato na nguvu za miguu. Mwembe hauna vidato, na tawi lililoozea ndani laweza kuonekana zima kwa nje. Anayekata anapaswa kuwa amefungwa kwa kamba kuu, na kabla ya kuutoa msumeno alani ajifunge pia kwa kamba fupi ya pili inayozunguka shina. Sababu ni kamba yenyewe: kamba iliyobeba uzito wa mtu imekazwa, na meno makali yakiigusa huikata kwa mvuto mmoja au miwili. Kamba zote mbili zipite upande ambao msumeno haufiki.

Mkono unaoumia mara kwa mara ni ule usioshika msumeno. Mwanzoni mwa mkato, meno hayajapata mfereji nayo huruka. Mkono huo ukae mbali na mkato, uvae glavu, na mivuto ya kwanza iwe mifupi na ya taratibu.

Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hukatwa upande wa chini hadi robo ya unene wake. Likikatwa zaidi ya hapo, uzito wa tawi hubana bapa. Kisha hukatwa kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, hadi lianguke bila kuchana ganda. Mwisho kile kipande kilichobaki huondolewa nje tu ya ule uvimbe uliopo tawi linapotokea shinani. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, nao ukikatwa mti hauponi vizuri. Bapa likibanwa, lisipindwe kwa nguvu. Tawi linyanyuliwe kwa kamba au likatwe upya mahali pengine.

Mti uliogusana na nyaya za umeme haupandwi kabisa. Kenya Power hupewa taarifa kwanza.

Kuutunza

Utomvu wa mwembe na wa mkorosho hugandia kwenye bapa, na bapa lenye gamba la utomvu husuguana na mti kiasi cha mkwezi kudhani meno yamekufa. Dawa yake ni kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, jioni ile ile kabla haujakauka, na mswaki mkuukuu unaosugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye meno, si kinyume. Baadaye bapa hufutwa likakauka na kupakwa mafuta mepesi. Mafuta ya nazi yanafaa. Karibu na bahari hatua hii hairukwi, kwani hewa ya chumvi huleta kutu kwa usiku mmoja.

Ala nayo ioshwe. Maji na vumbi vinavyobaki ndani yake ndivyo huozesha bapa lililofutwa vizuri. Ining'inizwe mdomo ukiwa chini hadi ikauke.

Kutoka mti unaokauka matawi kwenda mti mzima, bapa lifutwe kwa spiriti. Dawa ya kung'arishia nguo huua vimelea pia, lakini hula chuma, hivyo anayeitumia alazimike kusuuza na kupaka mafuta.

Ukali hupimwa kwa vumbi. Msumeno mkali hudondosha nyuzi na vipande vidogo. Ulio butu hutoa unga. Ukivutia upande mmoja, meno ya upande mmoja yamechakaa kuliko ya mwingine. Kabla ya kunoa, mwenyewe aangalie ncha za meno. Zikiwa na rangi ya bluu iliyokoza au nyeusi, zimekaushwa kwa moto kiwandani na tupa itateleza juu yake bila kuuma. Bapa kama hilo halinolewi, hubadilishwa, na ndiyo maana ni busara kuuliza dukani kama bapa huuzwa peke yake. Meno yasiyo na rangi hiyo hunolewa kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Bapa hubanwa kati ya mbao mbili, kila jino likapigwa idadi sawa ya mara, mbili au tatu, kwanza yaliyoelekea upande mmoja, kisha bapa hugeuzwa.

Gharama ya haya yote si ya kibarua peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kulinda usalama wa anayemfanyia kazi, na anayemwita mkwezi shambani kwake ni mwajiri siku hiyo. Kikundi cha wakulima kinaweza kununua msumeno mmoja mzuri, kamba, mshipi na kofia ngumu, vikazunguka shamba kwa shamba wakati wa kupogoa, mradi awepo mmoja anayevipokea na kuvikagua vinaporudi.

Bapa lililopinda au kupoteza meno kadhaa mfululizo bado lina kazi ya kukata mizizi na vichaka. Lipakwe rangi mgongoni, ili asije mtu akalichukua kwa haraka na kupanda nalo.