Washauri wa Fedha wa Wawakilishi Wetu: Kazi Isiyofuata Chama

Kila ifikapo mwezi Juni, wananchi huelekeza masikio Dodoma kusikiliza hotuba ya bajeti. Husikika Waziri, kisha Wabunge. Wasiosikika ni wachumi na makatibu wa kamati walioajiriwa na Ofisi ya Bunge, ambao huzichambua tarakimu hizo na kumweleza Mbunge, awe wa chama chochote, zina maana gani.

Kazi hii ilipata uzito zaidi nchini mwaka 2013, Spika Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, alipounda Kamati ya Bajeti. Miaka miwili baadaye ikatungwa Sheria ya Bajeti. Majirani walitangulia: Uganda ilianzisha Ofisi ya Bajeti ya Bunge kwa sheria ya mwaka 2001, na Kenya ikafuata mwaka 2007.

Mshauri hufanya nini hasa? Tuchukue jambo linalogusa kata zetu za mahindi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa ukifikia asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Halmashauri iliyokuwa ikitoza asilimia 5 kwa mahindi yenye thamani ya shilingi 100,000,000 ilipata shilingi 5,000,000. Kwa kiwango kipya hupata shilingi 2,000,000. Tena, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa ushuru huo, fungu lao hushuka kutoka shilingi 500,000 hadi 200,000. Kwa upande mwingine, shilingi 3,000,000 zilizosamehewa hubaki kwa mnunuzi na mkulima, na mgawanyo wao huamuliwa na bei ya sokoni. Mshauri hasemi kwamba punguzo hilo ni jema au baya. Huweka pande zote mezani, na uamuzi humwachia aliyepigiwa kura.

Katika halmashauri, Madiwani hupata ushauri wa namna hii kutoka kwa Mweka Hazina na Afisa Mipango, hususan ndani ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. (Mwandishi wa makala haya, aliyesomea habari wala si hesabu, alitoka katika kikao chake cha kwanza na daftari lililojaa alama za kuuliza.) Lakini wataalamu hao ndio hao hao waliotayarisha makisio. Diwani hana mchumi wa pili wa kumwuliza, na Mkaguzi Mkuu huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Ndiyo maana taarifa za mapato na matumizi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo zastahili kusomwa, na maswali yake kupelekwa kwa Diwani kabla ya kikao cha bajeti, si baada yake.

Kijana wa Mbeya au Iringa anayeipenda kazi hii aanze na Hisabati na Uchumi shuleni. Shahada ya uchumi, mipango au uhasibu humfungulia mlango. Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo Kikuu Mzumbe zote zina kampasi jijini Mbeya. Mhasibu huendelea na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Mwombaji huulizwa vyeti vyake, si kadi ya chama.