Ruta Isiyojua Leo ni Lini

Maswali na majibu kuhusu msimamizi, saa na kumbukumbu za ruta, kwa wenye maduka, skuli, vituo vya afya na nyumba za wageni kisiwani Pemba

Ruta nyingi za Pemba hufungwa siku moja na kusahauliwa. Fundi anakuja, anavuta waya, anaandika jina la waifai na nywila yake kwenye karatasi, analipwa, anaondoka. Kurasa tatu za mipangilio zinabaki kama zilivyotoka kiwandani: ya msimamizi, ya saa, na ya kumbukumbu za matukio, ambazo mafundi tunaziita logi. Kwa kuwa intaneti inapita hata zikiachwa, hakuna anayezikumbuka mpaka siku ya tatizo. Mimi nazipanga kabla ya kitu kingine chochote, na maswali ya wasomaji yaliyokusanywa hapa yanaonyesha sababu.

Assalaam alaykum fundi. Nauza vocha za waifai hapa Wete. Umeme ukikatika na kurudi, vocha za siku moja ambazo wateja wanaziingiza muda huo huo zinakataa baada ya dakika chache. Wateja wananijia juu. Ruta imeharibika?

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Ruta yako ni nzima. Kilichopotea ni saa.

Simu na kompyuta huwa na betri inayoiendesha saa hata chombo kikizimwa. Ruta ndogo nyingi hazina. Umeme ukienda, saa inakufa hapo hapo. Ukirudi, baadhi ya ruta huanza na tarehe za mwanzo wa mwaka 1970, kwa sababu mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Nyingine huanza na saa ya mwisho iliyowahi kuhifadhiwa. Hizi za pili ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana saa yake inafanana na kweli. Ukiona 1970 unajua kuna kasoro, lakini ukiona saa ya jana mchana unaiamini.

Sasa fuata kinachotokea dukani. Umeme umerudi, mteja ana hamu ya kuingia, anaandika namba ya vocha. Ruta inaamini iko Januari 1970, kwa hiyo inaandika kwamba vocha hii mwisho wake ni kesho, Januari hiyo hiyo. Dakika chache baadaye laini inasimama vizuri, ruta inapata saa sahihi kutoka nje, na kwa hesabu yake vocha ile imekwisha zaidi ya miaka 50 iliyopita. Inaifuta. Mteja hajakosea, na wewe hujamwibia.

Dawa ina sehemu tatu. Kwanza washa NTP, utaratibu wa kulinganisha saa kupitia mtandao. Aliyeubuni ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1985. Ruta inaiuliza seva saa ngapi, inapima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, kisha inajirekebisha. Ukurasa wa saa utakuomba majina ya seva: weka tz.pool.ntp.org na africa.pool.ntp.org. Hakikisha pia ulinzi wa ruta hauzuii UDP, mlango namba 123.

Pili, weka angalau seva moja kwa namba badala ya jina. Majina hutafsiriwa kuwa namba na huduma ya DNS, na siku hizi wengi huwasha DNS iliyofichwa kwa HTTPS. Usalama wake unategemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ruta iliyoko 1970 inaviona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika, inavikataa, hivyo haiwezi kutafsiri jina la seva ya saa, hivyo haipati saa, na vyeti vinaendelea kukataliwa. Inaweza kukaa hivyo kutwa nzima. Namba 162.159.200.1 ni ya seva ya saa ya Cloudflare, na haihitaji kutafsiriwa na mtu.

Tatu, zuia vocha zisianze kufanya kazi mpaka saa isomeke sawa. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo wauza vocha wengi wanazitumia, skripti fupi ya kuwashia inatosha: funga ukurasa wa vocha ruta inapowaka, ufungue NTP ikishajibu. Ukiweza, nunua na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kulisha ruta pamoja na kile kisanduku cha mtoa huduma, ila linganisha volti na zile zilizoandikwa kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Tangu mwaka 2010 Pemba tunapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na hali si ile ya enzi za jenereta. Hata hivyo, kukatika kwa sekunde kadhaa, ambako watu ndani ya nyumba hawakujali, kunatosha kuifutia ruta saa yake.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta skuli ya sekondari. Nichague saa za eneo gani? Na je, naweza kuiwekea ruta saa ya Kiswahili ili wanafunzi waisome kwa urahisi?

Mwalimu, chagua Africa/Dar_es_Salaam. Kama orodha ina Nairobi peke yake, chagua hiyo, ni saa ile ile: UTC kujumlisha 3. Kama kuna kisanduku cha saa za majira ya joto, kiache wazi. Sisi hatusogezi saa mwaka mzima.

Saa ya Kiswahili usiiweke. Ukichagua eneo la UTC kutoa 3, kweli saa 07:00 itasomeka 01:00 na wanafunzi watafurahi. Lakini tarehe itakuwa inabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na kila kilichotokea baina ya saa sita za usiku na alfajiri kitaandikwa kwa tarehe ya jana. Siku utakayolinganisha logi zako na za mtoa huduma, hazitakutana.

Acha ruta iandike 19:42, na wafundishe wanafunzi kuisoma saa moja na dakika 42 usiku. Hilo ni jepesi. Gumu zaidi, na mafundi wageni hulikosa kabisa, ni siku yenyewe. Kwetu siku huingia magharibi. Mzee wa Chake Chake akikwambia mtandao ulikatika usiku wa Ijumaa, mara nyingi anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa ruta bado ni Alhamisi mpaka ifike saa sita. Fundi akifungua logi za Ijumaa saa 21:00 hataona kitu, atamwambia mzee amekosea, na mzee atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo kabla sijafungua logi huuliza: ilikuwa kabla ya kwenda kusali Ijumaa, au baada ya kurudi?

Nina nyumba ya wageni Makangale. Kijana aliyenifungia ruta amehamia Muscat, lakini anaifungua kutoka huko na kunitengenezea tatizo likitokea. Watu wananitisha. Nimkataze?

Bibi yangu, usimkataze kijana anayekusaidia. Kinachotakiwa kubadilika ni njia anayoingilia.

Ikiwa anaandika tu anwani ya ruta yako na ukurasa wa msimamizi unamfungukia akiwa Muscat, basi unamfungukia na mtu yeyote duniani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilienea kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani, orodha ya jozi 60 na ushei tu, na ilikusanya vyombo vingi kiasi cha kuzilemea huduma kubwa za Marekani mwezi Oktoba mwaka huo. Mwaka 2018 likaonekana tundu kwenye Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik. Kampuni ililiziba mwezi Aprili. Lakini mwaka 2021, jeshi la ruta lililoitwa Mēris liliposhambulia, MikroTik wenyewe walieleza kwamba ni ruta zilizovamiwa tangu 2018: wenye ruta waliziba tundu bila kubadilisha nywila, na mwizi akaendelea kuingia kwa ufunguo aliokwisha kuuchukua.

Kwa hiyo mwambie kijana afanye haya. Afunge usimamizi wa kutoka nje, na mahali pake aweke VPN, ili aingie kwanza ndani ya mtandao wako kwa ufunguo wake, ndipo afungue ruta. Azime Telnet na FTP. Ruta isasishwe. Akaunti ya «admin» iondolewe, au kama ruta hairuhusu, ipewe nywila ndefu isiyotumiwa na mtu kila siku. Kisha kila anayeingia awe na akaunti yake: ya kijana kwa jina lake, ya fundi wa hapa kwa jina lake, na ya kwako mwenyewe, bibi, yenye mamlaka yote, nywila yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini kwako. Ruta ni mali yako. Nimeona watu wakilazimika kuirudisha ruta kiwandani na kupanga kila kitu upya kwa sababu ya nywila iliyosafiri na fundi.

Tazama mstari huu, wa aina ninayoikuta kwenye ruta za MikroTik za zamani:

jan/02/1970 03:00:41 system,info,account user admin logged in from 192.168.88.23 via winbox

Unasema mtu ameingia kwa akaunti ya admin, kutoka chombo kilichomo ndani ya nyumba, kwa Winbox, sekunde 41 baada ya ruta kuwaka. Siku gani? Hausemi. Nani, ikiwa watu wanne wanaijua nywila ya admin? Hausemi. Saa iwe sawa na akaunti ziwe na majina, mstari huo huo utakutajia mtu na dakika.

Nikienda kuangalia logi baada ya tatizo nakuta zimeanza upya. Nani anazifuta?

Hakuna anayezifuta. Ruta huziweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayosafishika umeme ukienda. Hata umeme usipokwenda nafasi ni ndogo: kwa mpangilio wa kiwandani MikroTik hushika mistari 1000, kisha mpya inaisukuma ya zamani nje. Ruta yenye wageni wengi huijaza nafasi hiyo upesi.

Zitume nje. Utaratibu unaitwa syslog, ulianzishwa na Eric Allman miaka ya 1980 alipokuwa akitengeneza programu ya barua pepe ya Sendmail, na karibu kila ruta inauelewa. Chukua kompyuta ya zamani, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayokula umeme kidogo, ipe anwani isiyobadilika, uiambie ruta itume logi huko kwa UDP, mlango 514. Kumbuka UDP haingoji jibu: kompyuta ikiwa imezimwa, mstari umepotea. Basi ziweke zote mbili kwenye UPS moja. Kuziandika kwenye hifadhi ya ndani ya ruta sikupendekezi isipokuwa kwa matukio machache mazito, maana hifadhi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mfululizo.

Syslog ina ngazi 8, kuanzia 0 ambayo ni balaa mpaka 7 ambayo ni maelezo ya mafundi. Chukua ngazi 0 hadi 4 kwa kila kitu. Ongeza maingizo ya akaunti, mabadiliko ya mipangilio, laini ya mtoa huduma kupanda na kushuka, na anwani zinazogawiwa vyombo. Ngazi ya 7 iwashe siku ya kutafuta tatizo tu, kisha uizime.

Kituo chetu cha afya kiko Mkoani. Mtandao ukikatika, mtoa huduma anasema tatizo ni letu. Logi zitatusaidia?

Zitakusaidia kwa sehemu. Laini ikianguka, logi zitasema imeanguka saa ngapi na kurudi saa ngapi, na ukiwa na saa ya NTP mtoa huduma hana pa kukubishia. Lakini kuna ukatikaji ambao ruta haiuoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Laini baina ya kituo chako na mtoa huduma siku ile ingeweza kubaki nzima, na ruta isingekuwa na la kuandika.

Iamuru ruta ipime sehemu tatu kila dakika: lango la mtoa huduma, seva iliyoko Dar es Salaam, na seva iliyoko nje ya nchi, na iandike kila moja inapokosekana. Lango likipotea, angalieni waya na antena yenu, kisha mpigieni mtoa huduma. Lango likiwepo na Dar es Salaam ikakosekana, tatizo ni la mtoa huduma. Zikiwepo sehemu mbili za kwanza na ya nje ikakosekana, tatizo liko mbali na Mkoani, na daktari aambiwe mapema asisubiri.

Je, naweza kujua kila mgeni alitembelea tovuti gani? Na nizitunze logi kwa muda gani?

Usijaribu. Tovuti nyingi sasa zimefichwa kwa HTTPS, na hata kidogo utakachokiona hakikuhusu. Zaidi ya hayo, simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya chombo (MAC) ya kubuni kwa kila waifai, kwa hiyo kumtaja mtu kwa anwani ya simu iliyomo kwenye logi ni kumsingizia.

Logi za ruta zinaonyesha nani yupo na lini, na hizo ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa zikusanywe kwa sababu maalumu na zisikae kupita haja yake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi njia ya kudai data kwa uchunguzi. Mimi huweka miezi mitatu, kisha kompyuta ifute yenyewe, na tangazo la mistari miwili libandikwe pale wageni wanaposoma nywila ya waifai: tunaandika muda wa kuingia na kutoka, hatuandiki unachosoma. Polisi wakija, omba barua, watolee mistari ya siku na saa waliyotaja, na uandike wewe pembeni saa ile kwa Kiswahili, pamoja na usiku wa kuamkia siku gani.