SOMO: KUITAYARISHA GARI KWA SAFARI YA KUHAMIA KASKAZINI



Somo letu safari hii ni la gari. Tunajua wengi wenu hamna gari, lakini vikundi kadhaa sasa vina pikapu ya pamoja ya kubeba maziwa, mboga na mawe ya ujenzi. Na kila mwaka kuna mwanachama anayepata uhamisho: mwalimu, muuguzi, askari, fundi wa mitambo. Anaambiwa aende Marsabit au Moyale, na pengine barua inafika wakati wa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Anakuja kwa kikundi na ombi moja: "Nipeni pikapu inihamishe mimi na watoto na vyombo." Kikundi kikikubali, kinatuma barabarani mali ya miaka mingi ya michango, na juu yake kinatuma watu. Kwa hivyo inafaa tujue tunatuma nini.

Kutoka Thika hadi Isiolo, kwa njia ya Sagana, Karatina na Nanyuki, ni kama kilomita 240. Isiolo hadi Marsabit ni kama 260 nyingine, na Marsabit hadi Moyale tena kama 250. Wazee wanakumbuka jinsi miaka ya 1990 magari yalivyosubiriana Isiolo ili yaende kwa msafara wa ulinzi, na barabara ilikuwa ya changarawe yenye mawimbi ya kuvunja springi. Siku hizi ni lami mpaka Moyale. Hiyo ni baraka, lakini imeleta mtego wake. Watu wanaona lami wanasema, "Aa, ni kama kwenda Nyeri tu," na wanaondoka na gari ambalo kwa kweli huzoea kwenda Ruiru sokoni na kurudi. Gari la safari fupi huficha ugonjwa wake. Likienda saa nane mfululizo na mzigo, ugonjwa unatoka wote.

Kaskazini si joto peke yake

Kosa la kwanza ni kufikiri kaskazini yote ni jua. Hebu tufuate njia. Thika iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Ukifika Nanyuki umekaribia mita 2,000, na kuelekea Timau unazidi kupanda. Alfajiri huko baridi inauma kuliko Julai yetu. Halafu unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi Isiolo, na hapo unaingia kwenye joto. Unakata nyika ya Kaisut, jua la mchana juu ya lami. Kisha unapanda mlima wa Marsabit, na mji wenyewe asubuhi nyingi umefunikwa na ukungu, watu wamevaa makoti. Ukiendelea Moyale unateremka tena kwenye jangwa la mawe la Dida Galgalu. Gari moja, siku moja au mbili, linapita baridi, joto, ukungu na mvua.

Wenye jamaa Minnesota au Kanada wamesikia kwamba huko wakati wa baridi kuu gari huunganishwa na umeme usiku kucha ili injini isigande. Sisi hatuhitaji hayo. Lakini dawa wanayotia kwenye radieta ndiyo hiyo hiyo tunayohitaji sisi, na watu wetu wengi hawajui. Tueleze.

Radieta

Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kama nyuzi moja. Maana yake Thika maji huchemka kwa nyuzi 95, na Nanyuki kwa 93 au 94. Sasa injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo! Kinachotuokoa ni kifuniko cha radieta. Kile kifuniko si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi na raba inayobana mvuke, na maji yakibanwa hayachemki upesi. Raba ikikatika, au mtu akifunga na karatasi ya nailoni (tumeona), gari litachemka mlimani hata kama radieta ni mpya. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Nunueni kipya chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani.

Halafu kulanti, yale maji ya kijani au mekundu yanayouzwa kwa mitungi. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji safi, hayagandi mpaka baridi ya nyuzi 37 chini ya sifuri, ndiyo sababu watu wa Kanada wanayapenda. Lakini mchanganyiko huo huo pia huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, na huzuia kutu ndani ya injini. Maji ya mto au ya bomba peke yake huleta kutu na magamba, na magamba huziba vijia vya radieta. Kwanza mwambie fundi aifue radieta, ndipo atie kulanti. Kumimina dawa mpya juu ya uchafu wa zamani ni hasara.

Tuseme pia neno juu ya thamostati. Mafundi wengi wa jua kali huitoa na kuitupa, eti gari lisichemke. Wanafanya kwa nia njema. Lakini bila thamostati injini hukaa baridi mno asubuhi na milimani, na hula mafuta zaidi. Kama iliyopo ni mbovu, itiwe nyingine inayofanya kazi. Msikubali kuambiwa "hiyo haina kazi." Waliotengeneza gari hawakuiweka kwa mapambo.

Mipira ya maji ibonyezwe kwa mkono ikiwa baridi. Ukisikia inalia kama majani makavu, au imevimba karibu na klipu, ibadilishwe. Fenbelti iangaliwe nyufa, na ile ya zamani iliyo nzima kidogo iwekwe chini ya kiti kama akiba.

Kama pamoja na hayo yote sindano ya joto ikipanda njiani: zima AC, fungua hita mpaka mwisho (ndiyo, hita, hata kama mnatoka jasho, kwa maana hita ni radieta ndogo), simama mahali salama. Kifuniko kisiguswe mpaka nusu saa ipite au zaidi. Watu wameungua uso kwa kukosa subira hiyo.

Breki na ile teremko ya Timau

Wengi wanaogopa kupanda. Sisi tunaogopa zaidi kuteremka Timau kwenda Isiolo na mzigo. Dereva akikanyaga breki muda wote, zinapata moto mpaka mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama kama sifongo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole. Yakikaa miaka mingi yana maji ndani, na maji hayo ndiyo huchemka kwanza. Yakizidi miaka miwili yatolewe yote, yawekwe mapya. Ni kazi ya saa moja kwa fundi. Na dereva ateremke na gia ndogo, ile ambayo angepandia nayo, breki azikanyage kwa nguvu kidogo kidogo na kuziachilia. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta hapo ni kujitafutia kifo.

Tairi

Tairi ina tarehe yake. Kando yake tafuteni namba nne ndani ya duara refu. Ikiwa 3519, imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na meno mazuri na kumbe raba imezeeka. Kwenye joto la Kaisut, na mzigo, ndizo hupasuka. Upepo upimwe asubuhi gari likiwa baridi, pamoja na wa speya. Mchana upepo hupanda kwa sababu ya joto. Msiupunguze, la sivyo usiku tairi itakuwa laini mno na kesho yake itapata moto. Jaribuni pia jeki na spana ya magurudumu mkiwa bado nyumbani. Speya bila spana inayoshika nati ni mzigo tu.

Betri

Joto ndilo huua betri, lakini baridi ndiyo hutoa habari za kifo. Ndiyo maana inazima asubuhi ya kwanza Marsabit na si Isiolo. Fundi wa umeme aipime ikiwa imepumzika usiku: volti 12.6 ni nzuri, 12.0 ni karibu tupu. Injini ikinguruma aone kama 14. Taminali zisuguliwe na maji ya moto, zikazwe, zipakwe grisi.

Mzigo

Hapa ndipo vikundi hugombana, kwa sababu mama hataki kuacha kabati na baba hataki kuacha pipa. Fanyeni hesabu kwa kalamu. Pikapu ya tani moja ni kilo 1,000 pamoja na watu. Watu wazima watatu ni kama 210. Magunia manne ya mahindi ya kilo 90 ni 360. Pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200. Mmeshafika 770 na hamjatia kitanda, jiko, masanduku wala mafuta ya akiba. Afadhali mahindi yanunuliwe Isiolo au hata Marsabit kwenyewe, na kabati itumwe kwa lori baadaye. Vitu vizito viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, vyepesi juu. Mtu asikae juu ya mzigo, hata kama ni kijana na amesema hana shida.

Maji yawe angalau lita 20 mbali na yale ya kunywa. Jazeni tangi Isiolo. Petroli ya akiba isikae ndani pamoja na watoto.

Mvua

Lami ina madaraja. Lakini kama kituo cha kazi kiko ng'ambo, Kargi, North Horr au Loiyangalani, mtaacha lami na kukata laga, yale mabonde makavu ya mchanga. Mvua ikinyesha milimani mbali, laga hujaa ghafla jua likiwa limewaka pale mlipo. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 60, yanaweza kubeba magari mengi, hata makubwa. Simameni ng'ambo hii mngoje. Mara nyingi ni saa chache. Jangwa la Chalbi nalo likilowa huwa tope la kumeza gari. Waulizeni polisi na madereva wa malori pale Isiolo na Marsabit habari za njia na usalama, na msisafiri usiku. Ngamia mweusi wa usiku haonekani mpaka yuko kwenye boneti.

Jaribio

Wiki mbili kabla ya safari, si siku mbili, pakieni mzigo wa uzito ule ule (mawe yatatosha) mpande kutoka Thika kwa njia ya Gatanga hadi bwawa la Ndakaini na kurudi. Njia inapanda vizuri. Mkirudi, angalieni chini kama kuna tone lolote, guseni kila gurudumu kuona kama moja lina moto kuliko mengine, pimeni oili na maji. Wiki hizo mbili ni za kutafuta speya Kirinyaga Road, Nairobi, bila haraka. Mwenye haraka huuziwa kitu chochote.

Mkifika Marsabit, nati za magurudumu zikazwe tena, na filta ya hewa ipigwepigwe vumbi litoke. Pikapu ipumzike siku nzima kabla ya kurudi, na dereva pia.

Ya kuzungumza kikundini: Nani atalipa tairi ikipasuka njiani, kikundi au mwenye kuhama? Je, iliandikwa kabla ya safari? Dereva wetu amewahi kuteremka mlima mrefu na mzigo, au ni wa mjini tu? Pikapu ikikaa siku nne kaskazini, maziwa ya Jumanne na Alhamisi yatabebwa na nani?