Kuandaa Sampuli ya Nyuki kwa Hadubini na Upasuaji

Nyuki wanapotambaa chini mbele ya mzinga, au kundi linapopungua wiki baada ya wiki ilhali maua yapo, mfugaji hubaki akikisia. Huenda shamba la jirani limenyunyiziwa dawa. Huenda ni utitiri wa varoa, ulioripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2009. Au ni nosema, ugonjwa wa tumbo. Kila tatizo lina suluhisho lake, na kukosea hugharimu mavuno ya msimu mzima. Hadubini hukata shauri, mradi sampuli iwe imechukuliwa vyema.

Sampuli nyingi huharibika kabla ya kufika maabarani kwa sababu mfugaji amezoa nyuki waliokufa kitambo. Nyuki huoza haraka, hasa kwenye joto, na viungo vyake vya ndani hugeuka uji. Wanaotakiwa ni nyuki hai, au waliokufa muda mfupi uliopita.

Kwa uchunguzi wa nosema huchukuliwa nyuki wapatao 60 wanaotoka kutafuta chakula. Hao ndio wazee wa kundi, na ugonjwa huu hujaa zaidi kwao. Nyuki wachanga wa ndani huweza kuonekana wazima huku mzinga unaugua. Mlango huzibwa kwa dakika chache, wanaorudi hurundikana nje, kisha hupanguswa kwa brashi waingie kwenye chupa. Nyuki wetu ni wakali, kwa hivyo mavazi kamili ni lazima, na ni heri wawe watu wawili. Varoa ni tofauti: huhitaji nyuki 300 hivi, yaani nusu kikombe, kutoka kwenye sega lenye watoto, baada ya kuhakikisha kwamba malkia hayumo.

Nyuki huuawa kwa kuwekwa kwenye friza usiku kucha, au kwa spiriti ya asilimia 70, ambayo haipaswi kuwa karibu na bomba la moshi linalowaka. Spiriti hufaa kwa kuhesabu utitiri na kwa safari ndefu, lakini hukaza viungo na kufifisha rangi, kwa hivyo nyuki wa kupasuliwa ni bora atoke kwenye friza. Anayeshuku sumu ya shambani asitumie spiriti kabisa. Nyuki hao hugandishwa tu. Lebo huandikwa kwa penseli, kwani spiriti hufuta wino: tarehe, mahali, nambari ya mzinga na dalili zilizoonekana.

Upasuaji hauhitaji vifaa vya bei. Nta huyeyushwa ndani ya kisahani na kuachwa igande. Nyuki hulazwa kifudifudi, pini ikapita kifuani, kisha maji humwagwa hadi yamfunike. Maji ndiyo siri ya kazi hii, kwa kuwa viungo huelea vikaachana badala ya kunata. Mkasi mdogo hukata kandokando ya tumbo na paa lake huinuliwa. Hapo huonekana kifuko cha asali, tumbo la kati lenye mikunjo kama pete, na utumbo wa mwisho.

Tumbo la kati ndilo la kutazamwa kwa makini. Likiwa zima lina rangi ya majani makavu na pete zake ni dhahiri. Nosema ikizidi, huvimba, huwa jeupe kama maziwa, na pete hupotea. Hata hivyo, weupe huo ni dalili tu. Ili kuthibitisha, matumbo ya nyuki 30 hupondwa katika mililita 30 za maji safi, tone moja likawekwa kwenye kioo, likafunikwa na kutazamwa likiwa limekuzwa mara 400. Vijidudu vya nosema ni vya mviringo kama punje za mchele, vinang'aa, na vyote vinakaribiana ukubwa. Wanaoanza huvichanganya na chavua, ambayo ni kubwa zaidi. Kinu kisipooshwa kati ya mzinga mmoja na mwingine, mzinga mzima utasingiziwa ugonjwa.

Mfugaji asiye na hadubini anaweza kupeleka chupa kwa afisa wa mifugo wa wadi. Kesi ngumu huweza kufikishwa kwenye maabara ya afya ya nyuki ya icipe, Nairobi. Kipande cha sega lenye watoto wagonjwa hufungwa kwa karatasi, kamwe si kwa nailoni, kwani hushika ukungu njiani.