SOMO: WAZEE WETU NA KORBANI YA SIKU HIZI

Kusoma kwanza: Marko 7:9-13, 1 Wafalme 21:1-16, Luka 2:36-38, 1 Timotheo 5:1-8

Kabla ya kuanza, fungueni Biblia zenu, msome mistari iliyoandikwa hapa juu, polepole, mara mbili. Asiye na Biblia akae karibu na mwenye nayo.

Katika Marko 7 Bwana Yesu anasema na Mafarisayo juu ya neno Korbani. Maana yake ni kitu kilichotolewa kwa Mungu. Walikuwa na desturi hii: mtu akiwa na mali ambayo ingemsaidia baba au mama yake, alitamka tu kwamba mali ile ni Korbani, na tangu saa ile hakudaiwa tena kuwalisha wazazi. Angalieni vizuri ujanja wake. Mtoto yule hasemi, "Sitaki kumlisha mama yangu," maana aibu ingemshika mbele ya watu. Anatafuta neno la dini, neno safi lenye harufu ya hekalu, na kwa neno hilo anafunga mlango wa jiko. Ndiyo sababu Yesu aliwahukumu vikali. Mama mzee alibaki na njaa, na jina la Mungu lilitumiwa kumnyima chakula.

Sisi watu wa Kampene hatusemi Korbani. Neno letu ni "mlozi". Mzee akiisha kuitwa mlozi, hakuna tena anayedaiwa kumpa sahani ya wali. Na anayemlisha anaogopwa naye.

Nitasema jambo la nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya jamaa. Mama yangu alikuwa na dada mkubwa. Mume wake alipokufa kijijini, alikuja kukaa kwa mmoja wa watoto wetu. Mwanzoni alikuwa baraka: anatwanga sombe, anabeba watoto mgongoni, anawapigia hadithi jioni. Halafu mtoto wa kwanza wa nyumba ile akafa, na baada ya miezi michache wa pili. Familia ikaenda katika kundi moja la maombi. Pale mwonaji mmoja akasema anaona mama mzee amesimama mlangoni na kikapu. Jina hakulitaja. Hakukuwa na haja, maana nyumbani mama mzee alikuwa mmoja tu, na kikapu alikuwa nacho, ndicho alichokuja nacho kutoka kijijini akiwaletea watoto karanga.

Tangu juma lile mama mkubwa alianza kula baada ya wote. Halafu akahamishwa chumba, akalala mahali palipowekwa makaa. Watoto wakakatazwa kumchotea maji. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana hadharani. Akaishi hivyo miezi kumi na minne, akafa. Siku ile ya maombi mimi nilikuwa nimeketi katika benchi ya pili, tayari shemasi, na sikufungua kinywa. Baadaye nilipita nyumbani kwao mara nyingi, nikaliona lile godoro karibu na makaa, nikasalimu, nikaenda zangu.

Mtoto wa tatu alipougua, baba yake alimpeleka hospitali, na damu ikapimwa. Ilikuwa SS. Ndugu wengi wanalijua jina hili bila kujua maana yake, kwa hiyo nieleze kama tulivyoelezwa. Baba anaonekana mzima, mama anaonekana mzima, lakini kila mmoja anabeba nusu ya ugonjwa katika damu yake. Wakioana, kila mimba ina hatari moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea nusu zote mbili. Mtoto huyo anaumwa mifupa, mikono na miguu inavimba angali mdogo, macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua mara kwa mara, na homa ya malaria inamwangusha upesi kuliko wenzake. Ndiyo maana katika nyumba moja watoto wanaweza kufa wawili, watatu, na katika nyumba ya jirani hafi hata mmoja. Jamaa wanauliza, "Kwa nini hapa tu?" Swali ni zuri. Jibu limo katika damu ya wazazi wawili, nao wote wawili hawana kosa.

Na tuangalie mambo mengine yanayomfanya mzee ashitakiwe. Mama aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa kuni, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yanakuwa mekundu kwa moshi. Kule Tanzania, katika sehemu za Shinyanga na Mwanza, wamama wazee wengi waliuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Kisha kuna ugonjwa wa ubongo wa uzee, ambao unaanza kwa kusahau. Mzee anaamka usiku akidhani ni mchana, anatoka nje, pengine bila nguo, anasimama mlangoni kwa jirani kwa sababu hajui tena mlango wake. Anasema na watu waliokufa zamani. Anawashitaki wajukuu kwamba wamemwibia franka. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, hata Wazungu na maprofesa wanaupata. Lakini kwetu mtu akionekana usiku uchi mlangoni kwa mwingine, mnajua wenyewe neno linalofuata. Na shimo la dhahabu likibomoka, vijana wakafunikwa, hawaulizi ni nani aliyechimba chini bila kuweka miti ya kuzuia udongo. Wanauliza ni mzee gani "amewauza".

Msidhani mambo haya yanaishia kwenye sahani na godoro. Jirani zetu wa Kivu ya Kusini waliona mwisho wake. Katika mwezi wa tisa wa mwaka 2021, katika teritware za Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wanane waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa kuitwa walozi. Waliowaonyesha kwa kidole ni wale wanaoitwa kule bajakazi, watu wanaosema kwamba wana karama ya kuona walozi, na wengi wao wanaomba na kutaja jina la Mungu. Kule Kenya, upande wa Kisii, watu kumi na mmoja, wengi wao wazee, walichomwa moto mwaka 2008; na mwaka 2021 tena, huko huko Kisii, wamama wanne. Mimi ninaamini kwamba kila mmoja wao, kabla ya moto, alikuwa na miezi yake ya kulala karibu na makaa. Watu hawamchomi mama ambaye jana walikula naye sahani moja.

Hapa nataka kusema na sisi wa kanisa la kinabii, maana jambo linatugusa kuliko wengine. Sisi tunaamini kwamba Roho anasema hata leo. Mimi naamini. Wala sikuja katika somo hili kubishana kama ulozi upo au haupo. Biblia inautaja, na kila mmoja ana yake aliyoyaona. Ninauliza jambo moja tu: ni nani aliyetupa ruhusa ya kumtaja mtu? Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, inakataza mtu kuhukumiwa kwa shahidi mmoja, na shahidi wa uongo anapata adhabu ile ile aliyotaka mwenzake aipate. Sura ya 18 inataka neno la nabii lipimwe. Je, ono la kikapu lilipimwa na nani?

Someni tena habari za Nabothi. Wengi tunakumbuka shamba la mizabibu na Yezebeli, lakini tunasahau kwamba jambo lile lilianza kwa kufunga. Mfungo ulitangazwa, watu wakakusanyika kama kwa ibada, Nabothi akawekwa mbele, na mashahidi wawili wakasema amemtukana Mungu. Akapigwa mawe. Na sababu ya yote ilikuwa shamba. Kule pwani ya Kenya, upande wa Kilifi, wazee wengi walioitwa wachawi walikuwa na ardhi ambayo watoto wao waliitaka, na huko Ganze kuna kimbilio linaloitwa Kaya Godoma, wanapokaa wazee waliokimbia kuuawa na jamaa zao. Hapa kwetu ni parsele, ni michikichi, ni nyumba ya mabati. Mtu akija kwenye maombi kumshitaki baba yake mzee, kiongozi amwulize kwanza: parsele imeandikwa jina la nani?

Tena tusisahau tulikotoka. Manabii wa Afrika wenyewe walishitakiwa. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921, akabadilishiwa hukumu kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951, miaka thelathini mbali na watu wake. Makanisa yaliyozaliwa na watu waliosingiziwa hayapaswi kuwa kiwanda cha masingizio.

Na Ana wa Luka 2? Alikuwa mjane, miaka themanini na minne, hakuondoka hekaluni usiku na mchana, akifunga na kuomba. Tufikiri: mama mzee, peke yake, hana mume, usiku hayuko kitandani, anasema maneno tusiyoyasikia vizuri. Luka anamwita nabii. Angekaa katika kartye yetu tungemwitaje?

Wengine watasema: basi tujenge nyumba za wazee kama Ulaya, jambo liishe. Nyumba hizo zinasaidia, sikatai. Kinshasa ipo ile ya Saint-Pierre, na katika nyumba za namna hiyo wamo waliofukuzwa na watoto wao kwa neno lile lile la ulozi. Afadhali kitanda kule kuliko barabara. Lakini nyumba peke yake haileti huruma. Mwaka 2022, huko Ufaransa, mwandishi wa habari Victor Castanet alitoa kitabu juu ya kampuni ya Orpea. Katika nyumba ambako familia zinalipa maelfu ya euro kila mwezi, nepi za wazee na hata biskuti zilikuwa zinapimwa ili faida iongezeke. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema katika watu sita wenye miaka 60 na zaidi, karibu mmoja ametendewa vibaya katika mwaka mmoja. Na katika nyumba za wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikubali wenyewe kwamba walimtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo penye wazee wanaotegemea mikono ya wengine, lazima macho mengine yaingie mara kwa mara kuangalia, iwe Ufaransa au katika chumba cha nyuma hapa Kampene.

Baba zetu Warega walijua kumweka mzee mahali pake. Katika Bwami cheo cha juu kabisa, kindi, hakikuwa cha kijana mwenye nguvu. Kilikuwa cha mtu aliyepita ngazi zote kwa miaka mingi na kuonyesha tabia njema. Sisemi turudi katika Bwami, mchungaji asinielewe vibaya. Nasema ni aibu watu wa Biblia tuwe chini yao katika jambo hili.

Leta nayo imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawadai watoto kumsaidia mzazi aliye na shida. Nchi za Afrika pia zilikubaliana mwaka 2016, katika mapatano juu ya haki za wazee, kwamba mashitaka ya ulozi juu yao yakomeshwe. Na anayemnywesha mtu mwavi ili kumjaribu anatenda kosa la jinai, hata kama ameomba kwanza.

Basi, katika kanisa letu, wazee wa kanisa na mashemasi wameombwa kufanya hivi kuanzia mwezi huu. Ono lolote linalogusa mtu, mwonaji alilete kwa mchungaji peke yake, asiliseme mbele ya mkutano wala mbele ya familia. Familia yenye mtoto mgonjwa, au iliyozika watoto zaidi ya mmoja, ishauriwe kwanza kwenda kupima damu, na kanisa liombe pamoja nao, hata kwenye njia ya hospitali. Wamama wa sala wa kila kartye wataandika majina ya wazee wote wa barabara yao, wakristo na wasio wakristo, na watawatembelea wawili wawili. Wasiishie sebuleni. Waombe kuona mahali mzee anapolala, wamsalimu kwa mkono, wakae, wale naye. Jina langu nimeliandika la kwanza kati ya watakaowasindikiza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi siku ya Jumatano:

Mafarisayo walitumia neno Korbani. Sisi tunatumia maneno gani ya dini ili tusimsaidie mzazi?

Mashahidi wa Nabothi walikuwa wawili, na bado walisema uongo. Kanisa lipime ono kwa njia gani?

Jana jioni, mzee wa nyumbani mwenu alikula nini, saa ngapi, na alikula na nani?